Shahidi wa Mfukoni

Muulize mtu wa Mkuyuni ni mwendo gani hadi Kinole, atakujibu: hapo tu. Ukiwa na mkungu wa ndizi kichwani, hapo tu. Ukiwa na mtoto mgongoni, hapo tu. Ukiwa umeshaketi nyuma ya bodaboda, basi huenda njia ikarefuka kidogo, maana sasa kuna nauli ya kujadiliana. Wageni, hasa wale wanaokuja kupanda milima ya Uluguru na viatu vyao vizito, hulichukulia jibu hilo kuwa ulaghai. Mimi nimekua nalo na ulaghai siuoni. Ni kipimo alichotengenezewa mtu aliye njiani. Hakina haja ya kumtajia umbali. Kazi yake ni kumfikisha kona inayofuata, ambako atamkuta mwingine wa kumwambia vilevile, na kona kwa kona mpaka atue mzigo.

Simu yangu janja haijui kumpa mtu moyo namna hiyo. Yenyewe inasubiri umalize ndipo ikusomee hesabu.

Niliinunua kwa boom, kama tunavyoiita hela ya mkopo wa elimu ya juu, nikiwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale mjini Morogoro chini ya mlima. Kabla ya hapo nilikuwa na kitochi, na kabla ya kitochi sikuwa na kitu, kwa sababu mwanafunzi wa sekondari akikutwa na simu shuleni, simu inachukuliwa na mzazi anaitwa. Nilipofika nayo nyumbani likizo, maneno hayakukosekana. Mama aliigeuza mbele na nyuma, akauliza kama boom lote limeishia kwenye kioo kile. Nilikuwa na hoja zangu. Chuoni ratiba inakuja kwenye kundi la WhatsApp, notisi zinakuja kwenye kundi, hata habari kwamba kipindi cha saa mbili hakipo inakuja kwenye kundi, na asiyekuwemo atakaa darasani peke yake akimsubiri mhadhiri. Mama alisikiliza. Mjomba, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, alisema tu kwamba hela ile ingetosha bati za kumalizia upande wa jiko.

Sitaandika hapa habari ya kijana aliyeharibiwa na simu. Imeshaandikwa vya kutosha, na nina shaka kwamba wengi walioiandika wana simu mbili.

Kilichonishika mimi ni mstari. Kuna programu za mazoezi ambazo ukiziwasha ukaanza kutembea, zinachora njia uliyopita, na mwisho zinakupa umbali, muda na kasi. Nilidhani zinakula bando. Hazili. Kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu kazi yake ni kusikiliza satelaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Zikisikika angalau nne, simu hukokotoa mahali ilipo kutokana na muda ambao kila ishara imetumia kufika. Picha ya ramani ndiyo inayotaka bando. Satelaiti zenyewe ni za Wamarekani, na mpaka Mei 2000 walikuwa wakiivuruga kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia, ili vipimo bora vibaki jeshini kwao. Nilizisoma habari hizi nimekaa shambani kwa bibi, katikati ya michungwa na mipilipili manga, nikaona ajabu kwamba mahali ambapo kupiga simu kwenyewe inabidi upande kichuguu, mambo ya juu angani yanasikika bila vocha.

Duathloni nayo ilitoka kwenye simu. Mwenzetu mmoja alituonyesha video ya mashindano ya Powerman ya Zofingen, Uswisi, yaliyoanza mwaka 1989: unakimbia kilomita 10, unaendesha baiskeli 150, kisha unakimbia tena 30. Masafa ya kawaida ya mchezo huu ni mapole zaidi, 10, 40 na 5, na yapo mafupi ya 5, 20 na 2.5. Ni ndugu wa triathloni, ila hakuna kuogelea, jambo lililotufaa sana, kwani mito yetu inayoshuka kwenda kuujaza Ruvu tunaijua kwa kuivuka na mzigo, wala hakuna aliyefikiria kushindana ndani yake. Tukasema likizo ile tutafanya yetu, wanafunzi tuliorudi nyumbani pamoja na vijana wa senta, kwenye barabara itokayo Morogoro kwenda Matombo na Kisaki. Tulichagua masafa mafupi, au tuseme yaliyokaribia hayo, kwa sababu kila mwenye simu alikuja na kilomita zake.

Miguu ya kukimbia tulikuwa nayo. Shida ilikuwa baiskeli. Mkimbiaji anahitaji viatu, na huku kwetu mara nyingine hata viatu anavisamehe, lakini duathloni inakuingiza kwenye habari za mali. Baiskeli ya mashindano ya kweli inauzwa kwa bei ambayo mtu wa Mkuyuni akiipata atanunua pikipiki aanze kubeba abiria. Tukaenda kuazima Phoenix za wajomba, chuma kitupu, gia moja, zilizozoea kushuka na ndizi na kupanda zikisukumwa kwa mkono. Mjomba alinipa ya kwake kwa sharti: keria isifunguliwe. Boliti zake zina kutu, zikikatika nani atazilipa? Nikashindana na keria.

Barabara ilikuwa na tope, ingawa masika yalikuwa yamekwisha. Upande huu wa mashariki wa Uluguru ndio unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua zake hazijui kuaga. Dodoma ikiwa vumbi tupu, sisi tunaanua nguo. Pa kubadilishia palikuwa chini ya mwembe, na mwalimu mmoja mstaafu alikubali kukaa hapo na saa yake ya mkononi na daftari la kurasa 96.

Mbio za kwanza sina la kusimulia. Kila mtu aliondoka kwa sifa, na wengi wakaijutia sifa hiyo kwenye mlima wa kwanza. Baiskeli ni hadithi ya breki, na breki za Phoenix kwenye tope ni suala la imani. Ninachotaka kukizungumzia ni mbio za pili.

Unashuka kwenye baiskeli, unaiegemeza kwenye mwembe, unaanza kukimbia, na miguu ni yako kwa jina tu. Kwa muda mrefu kiuno kilikuwa kimekunjwa na mapaja yalikuwa yakizungusha pedeli kwa namna moja ileile, uzito wa mwili ukiwa juu ya kiti. Ghafla unayataka yaunyanyue mwili wote na kuutua, hatua kwa hatua. Hatua zinakuwa fupi. Macho nayo yameshazoea mwendo wa baiskeli. Michungwa ya kando iliyokuwa ikikupita bila salamu sasa inasimama mbele yako, kila mmoja kwa zamu yake, haitaki kupita. Mwili wako unakuletea habari kwamba umesimama, na huna sababu ya kutouamini, ni mwili wako.

Niliamini natambaa. Nilifika mwisho nikiwa nimeshatunga maneno ya kujitetea. Nilipofungua simu nikakuta kwamba kilomita ya kwanza baada ya baiskeli niliikimbia kwa kasi iliyokaribiana sana na ile ya asubuhi nilipokuwa mzima. Nilibishana nayo. Nikaenda kwa mwalimu, ambaye alikuwa ameandika muda niliotoka chini ya mwembe na muda niliorudi. Tukatoa kwa vidole, daftari na simu vikasema neno moja. Mwongo alikuwa mwili.

Watu husema vifaa hivi vinawafundisha vijana kujikweza, na wanaosema hivyo wana ushahidi mwingi wa picha. Siku ile lakini kifaa kilinikatalia nisijidharau, na hilo sijawahi kulisikia likihubiriwa popote. Nilikuwa tayari kuwaambia watu kwamba nilikuwa hovyo, na wangenikubalia, maana hapakuwa na mtu aliyeniona. Aliyeshinda, kijana anayejifunza kazi kwa fundi baiskeli pale senta, hakuwa na simu mfukoni wala hakuihitaji. Watoto walimpokea tangu darajani wakakimbia naye, kinamama wa sokoni wakapiga vigelegele, mwalimu akaliandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Mshindi mashahidi wake wanatosha na wanabaki. Tulioshika nafasi za katikati tulifika watu wakiwa wameshageuka wanamenya mananasi. Mtu wa namna hiyo, kama hana kitu kilichoandika alivyokwenda, atabaki na neno la mwili wake uliochoka, na neno hilo si la kuaminika.

Riadha ya nchi hii, nikiitazama vizuri, imejaa swali la nani aliona. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2, huyo alikimbia mbele ya kila jicho, na hata John Walker wa New Zealand aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameipita rekodi ya zamani. Lakini John Stephen Akhwari, miaka michache kabla yake, Oktoba 1968, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliofika, mguu umefungwa bendeji baada ya kuanguka, kwa muda wa saa 3:25:27. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima kabla yake na watazamaji wengi walishaondoka. Bila wenye kamera waliobaki uwanjani, Akhwari angekuwa mstari wa chini kabisa kwenye karatasi ya matokeo, na watoto wa Tanzania wasingefundishwa jina lake.

Halafu kuna Tokyo, Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu wa Singida na Mjerumani Amanal Petros walikimbizana mpaka kwenye utepe wa marathoni ya ubingwa wa dunia, wote wawili wakaandikiwa 2:09:48. Waliokuwa wakitazama hawakujua nani ameshinda. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyotamka kwamba Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Hapo macho ya watu hayakuweza kuapa, kamera ikaapa.

Mashine inayotoa ushahidi sina ugomvi nayo, ila ya kwangu ilisinzia. Nilipoutazama mstari wote wa siku ile niligundua kwamba mahali fulani kabla ya daraja niliacha barabara, mimi na baiskeli na keria yake, nikapaa juu ya bonde na migomba ya watu, nikatua upande wa pili. Sababu ni ya kawaida. Simu nyingi za bei yetu, kioo kikishazimika, hunyamazisha programu zinazoendelea kufanya kazi ili chaji idumu; programu ikizinduka huunganisha nukta ya mwisho iliyokuwa nayo na nukta mpya kwa mstari ulionyooka. Kipande kilichopotea ndicho kile nilichoshuka nikasukuma kwa mkono. Sikulalamika sana.

Hata ikiwa macho, milima inaisumbua. Bonde likiwa jembamba satelaiti nyingi zinajificha nyuma ya mlima, na ishara nyingine hugonga mwamba kwanza ndipo zifike, kwa hiyo simu inadhani uko mahali usipokuwepo. Barabara ikinyooka, kuyumba huko kwa nukta kunakuongezea umbali ambao hukuukimbia. Barabara ikijipinda, na ya kwetu inajipinda hasa, simu inachukua nukta hapa na nukta pale, inakata kona, inakupunja. Zaidi ya hayo, umbali inaokuandikia mara nyingi ni ule wa ardhi iliyolazwa chini kama mkeka. Kupanda kwako haukuhesabu. Ndiyo maana jioni ile, kwenye kundi letu la WhatsApp, baiskeli peke yake ilikuwa na urefu tofauti kwa kila aliyeshiriki, na kila mmoja akaitetea simu yake kuliko alivyojitetea mwenyewe. Mwenzetu aliyebaki Dar es Salaam, ambaye hakukimbia hatua moja, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alitaka tarakimu moja. Sisi tuliokuwepo hatukuihitaji, tulikuwa na daftari la mwalimu lenye nani wa kwanza na nani wa pili, na mapaja yaliyokuwa yakiuma.

Hapo nikaiona tofauti yake na "hapo tu". Jibu la mkulima ni la mtu ambaye bado anatembea. Tarakimu ya simu ni ya mtu ambaye hakuwepo: mwenzetu wa Dar, mimi mwenyewe mwaka kesho nitakapokuwa nimesahau, au yeyote atakayesema huwezi. Wote wawili wanastahili kujibiwa. Taabu inaanza jibu la mmoja anapopewa mwingine, ukamsomea kilomita mama mwenye mkungu kichwani, au ukamwambia "hapo tu" mhandisi anayepima barabara.

Uluguru ina kumbukumbu yake ya vipimo vilivyotoka mbali. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, ikawaamuru watu wakate matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kwenye karatasi, mteremko ukikatwa ngazi udongo hautelezi. Kwenye mashamba mengi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na jembe lilipoukata lilifunua udongo mfu wa chini. Watu wakatoa jasho kubwa wakavuna kidogo. Mwaka 1955 walikataa, kukawa na ghasia upande huu wetu, Matombo mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Wazee wakitazama mtu anayezungukia mashamba na kifaa mkononi, hawatazami tu kifaa.

Bibi yangu hakuwa na hofu hiyo, au alikuwa na shida iliyoizidi. Nilimkuta barazani akichambua pilipili manga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nasikia mna kitu kinachora barabara."

Nikamwonyesha mstari. Hakuuliza habari ya mbio hata kidogo. Aliufuata kwa kidole, akacheka alipofika pale nilipopaa, kisha akauliza kama nikizunguka shamba litachoreka shamba. Nikasema litachoreka.

"Basi kesho twende kule juu tukayamalize yale maneno."

Yale maneno ni ya mpaka. Ardhi kwetu inafuata ukoo wa upande wa mama, na kipande cha juu bibi alikipata kwa mama yake. Jirani naye alipata cha kwake kwa njia hiyohiyo, na kati yao kuna safu ya migomba ambayo kila mmoja anajua ni ya nani. Nikamweleza bibi kwamba kitu hiki kinaweza kukosea mita tano hata mahali peupe, na chini ya miti mikubwa kinazidisha.

"Na huko kwenye mbio zenu mnakubali mpimwe hivyo?"

"Kule hakuna atakayelima, bibi."

Akakubali kwamba hilo ni jibu. Lakini twende kesho alikuwa ameshalisema, na bibi halirudishi. Asubuhi jirani aliitwa, mjomba akaitwa, wakaja wazee wawili wanaokumbuka, tukapanda. Walibishana kwenye jiwe la kwanza, wakaelewana. Kwenye mti wa pili wakabishana zaidi, mzee mmoja akachimba kwa kisigino akaonyesha kisiki cha mti uliokuwepo zamani, wakaelewana tena. Kila walipoelewana bibi aliniamuru nipige picha, na alikuwa na masharti yake: jiwe lionekane, mjomba asimame upande huu, jirani upande ule, na wazee wasikatwe vichwa. Nilizima GPS ili chaji itoshe.

Tulipomaliza, jirani alisema na yeye anazitaka, haiwezekani ushahidi ukae nyumba moja. Simu yake ilikuwa kitochi chenye memori kadi, WhatsApp haina, tukatumia bluetooth. Picha zilikuwa nzito mno, ikabidi nizipunguze kwanza moja moja, nimeinama juu ya kioo pale shambani, huku mjomba akiuliza kama katika zote ametoka vizuri.